Ugua Pole, Ila Alama Zije Ijumaa

Katika Kiswahili cha pwani yetu, mtu akiulizwa habari za jirani ambaye hakuonekana msikitini wala dukani kwa siku mbili, hujibu kwa neno moja: "Hawezi." Basi. Aliyeuliza hafuatishi swali la "Hawezi nini?" Husema, "Maskini! Tangu lini?" kisha akajitanda leso yake au akavaa kofia yake akaenda kumtazama. Wanafunzi wangu wa sarufi hushangaa kidogo ninapowaonyesha jambo hili, kwa maana kitenzi "weza" kwa kawaida hakikai peke yake. Mtu huweza kusoma, huweza kulima, huweza kuogelea. Lazima pawe na jambo analoliweza. Lakini kitenzi hicho kikikanushwa na kuachwa bila nyongeza yoyote, hutimia chenyewe, na maana yake huwa ni moja tu: mtu huyo ni mgonjwa. Kamusi za kale zilizotungwa na wamisionari katika karne ya 19 zililidaka neno hili kwa maana hiyo hiyo. Mwenziwe ni "hajambo", ambalo nalo ni kanusho: hana jambo lililompata. Kwa maneno hayo mawili, hajambo na hawezi, wazee wetu walimaliza habari yote ya afya ya mtu.

Nimeanza na sarufi si kwa sababu tu ndiyo inayonilisha. Naona neno hili linaharibiwa, na hasara yake ni kubwa kuliko hasara ya lugha. Siku hizi mwalimu akimpelekea mkuu wake ujumbe kwamba hawezi, hujibiwa upesi na kwa adabu nyingi: "Pole sana, Mwalimu. Ugua pole. Ila kwa kuwa uko nyumbani, zile alama zije Ijumaa." Hapo hawezi imedaiwa nyongeza. Mwalimu anaulizwa, kwa maneno laini, ni nini hasa asichokiweza. Kusimama darasani? Haya, asisimame. Vidole je? Macho je? Simu si anayo?

Tazama pia jinsi hiyo "ugua pole" ilivyotumiwa. Shina lake ni lile lile la mtu mpole na la kwenda polepole. Anayekuambia uugue pole anakutakia maradhi yasiyo na purukushani, na papo hapo anakupa nafasi: ugua kwa utaratibu wako, hapana anayekukimbiza. Leo maneno hayo yamekuwa kama stempu inayobandikwa juu ya bahasha ya kazi. Yanafuatwa na "ila", na baada ya "ila" ndipo ujumbe wenyewe unapoanza.

Nisije nikadhaniwa nasimulia ya kusikia, nitaeleza yaliyonipata mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2018, homa ya chikungunya ilipoenea Mombasa, nami niliipata. Nadhani mbu aliniumia kisiwani, kwa maana mbu aenezaye ugonjwa huu huuma mchana, wakati mimi niko kazini, wala si usiku ninapokuwa nyumbani kwangu Matuga. Jina lenyewe la ugonjwa huu limetokana na Kimakonde. Ulitambuliwa katika nyanda za juu za Makonde, kusini mwa iliyokuwa Tanganyika, mwaka 1952, na taarifa za kitaalamu za Marion Robinson na W. H. R. Lumsden zikachapishwa mwaka 1955. Wenyeji waliuita kwa kitenzi chao chenye maana ya kupinda au kukunjamana, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa. Kutoka huku kwetu jina hilo limesambaa duniani kote. Mlipuko wa Lamu wa mwaka 2004 ulifuatiwa na ule wa Komoro, kisha Réunion na Bara Hindi, na madaktari wa huko kote wanatamka Kimakonde bila ya kujua. Nakiri kwamba siku mbili za mwanzo, kati ya homa na homa, nilikuwa nikiifurahia asili ya neno hilo. Siku ya tatu nilipinda.

Daktari aliniandikia siku 10 za kupumzika. Vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba hata kufungua kifuniko cha chupa kulihitaji mtu wa pili. Siku ya nne, dereva mmoja wa kazini alivuka feri ya Likoni akaja mpaka kwangu, si mbali na Kombani, akiwa na bunda la karatasi 112 za mtihani wa mwaka wa nne. Juu yake palikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa mwandiko mzuri: pole sana ndugu yetu, na kwa vile uko nyumbani tu, tafadhali tusaidie na hizi. Nililitazama lile "tu" kwa muda mrefu. Ni neno dogo la silabi moja, lakini lilikuwa limebeba hoja nzima: kwamba nyumbani ni mahali ambapo mtu hana analolifanya, na kuumwa si jambo.

Alasiri hiyo alikuja jirani yangu, mama wa Kidigo mwenye umri wa mama yangu mzazi. Alikuja kama ilivyo ada, ameshika madafu mawili, akapiga hodi, akakaribishwa. Alinikuta nimeegemea mto, karatasi zimetandazwa kitandani kama mtu anayeanika samaki.

"Mwanangu, nimeambiwa huwezi."

"Naam, mama. Siwezi."

"Na hizi je?"

"Ni karatasi za mtihani, mama. Nasahihisha."

Aliyaweka madafu chini karibu na mlango. "Basi umeshakuwa hujambo, alhamdulillahi. Mimi narudi. Nitakuja siku utakapokuwa huwezi."

Wala hakuwa akifanya mzaha, au mzaha ulikuwa nusu tu. Kwetu kumzuru mgonjwa ni wajibu, na Waislamu huuhesabu miongoni mwa haki alizonazo mtu juu ya mwenzake. Ziara hiyo ina adabu zake: mtu hakai sana, hapazi sauti, haleti habari nzito. Mdai mwenye haya huuweka kando mkopo wake mpaka mwenziwe asimame. Yule mama alikuwa amekuja katika nyumba ya mgonjwa akakuta ofisi, na ofisini hakuwa na shughuli. Kitenzi "ugua" kina mnyambuliko wake ambao kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaujua: kuugua, kuuguza, na yule anayeuguza akaitwa muuguzi. Lugha haikumwacha mgonjwa peke yake. Papo anapougua pana mwingine ambaye kitendo kinahamia kwake. Nimeutafuta mnyambuliko unaompeleka mgonjwa kwenye kazi, sikuuona.

Nilisahihisha. Nalisema hili kwa aibu, maana hapana aliyenishika mkono. Nilisahihisha karatasi zote 112 kwa siku 5, kalamu nikiibana kati ya kidole cha shahada na cha kati kwa kuwa gumba lilikuwa halikunjiki, kisha nikanakili alama katika orodha nikaipeleka. Miezi ikapita. Mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye darasani alikuwa miongoni mwa wale wanaouliza maswali ya maana, alikuja kunililia kwamba ameanguka somo langu. Tulipoitafuta karatasi yake tukaona juu yake, kwa mkono wangu mwenyewe, alama 64. Katika orodha nilikuwa nimeandika 34. Chini ya 40 ni kuanguka. Kosa lilisahihishwa, lakini katika chuo kikuu kosa la alama halisahihishwi kwa kufuta. Hupita kamati hadi kamati, na kila kamati ina siku yake ya kukutana. Hakuhitimu na wenzake mwaka ule. Wazazi wake walikuwa wameshakodi matatu ya kuwaleta jamaa kutoka Lunga Lunga.

Tangu siku hiyo sipendi kulizungumza suala hili kama suala la haki ya mwalimu peke yake. Ni kweli kwamba ni haki yake, na nitafika huko. Lakini kazi ya mwalimu huwa na mtu upande wa pili, na mtu huyo hakuulizwa kama anakubali kusahihishiwa na mwenye homa. Mwalimu akienda shuleni mgonjwa, huonekana. Macho mekundu, sauti imekauka, wenzake humwambia arudi akalale, na hata watoto humwonea huruma. Akifanya kazi nyumbani haonekani. Kinachofika ni orodha ya alama, na orodha haina homa. Aliyeipokea huiamini kama anavyoiamini ya mtu mzima wa afya, na mwanafunzi huibeba kwenye cheti chake.

Wakati huo, mwaka 2018, kulihitajika gari, dereva na feri ili kazi inifikie kitandani. Pingamizi hilo lilikuwa ni rehema ambayo hatukuitambua. Machi 15, 2020, serikali ilipotangaza kufungwa kwa shule na vyuo kwa sababu ya Korona, tulijifunza sote, wengine kwa hiari na wengine kwa kusukumwa, kufundishia sebuleni. Madarasa yalipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 tulirudi kazini, lakini kazi haikuondoka nyumbani; ilibaki ndani ya simu. Kundi la WhatsApp la walimu ambalo lilianzishwa ili tupeane habari wakati wa dhiki limekuwa ndiyo bodi ya matangazo, daftari la mahudhurio na kengele. Pia pana mtaala mpya wa umilisi na tathmini zake za shuleni, ambazo alama zake hupelekwa moja kwa moja kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa. Tovuti hufunguliwa siku fulani na kufungwa siku fulani. Haijui kuwa kuna msimu wa mvua Kwale na kwamba mvua huleta malaria.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ninayemjua kwa kuwa tunapanda matatu moja, alishikwa na malaria mwaka 2023 katika juma la kupeleka alama. Yeye ndiye aliyekuwa na nywila ya darasa lake, na yeye ndiye aliyekuwa na karatasi. Nyumbani kwake mtandao hushika ukiwa umesimama chini ya mkanju ulio nyuma ya jiko, si penginepo. Basi huyo mgonjwa, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi jua la saa nane, aliketi chini ya mkanju na blanketi mabegani akiingiza alama za watoto, moja moja, mtandao ukikatika na kurudi. Mumewe alimshikia daftari. Nilipomwuliza kwa nini hakukataa, alinitazama kama mtu asiyelielewa swali. "Hakuna aliyenilazimisha," alisema. "Mwalimu Mkuu aliniambia pole."

Maneno hayo ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Amri ungeikataa, au angalau ungeinung'unikia, pole utaikataaje?

Sheria yetu inasema nini? Walimu wengi niliowauliza hawakuwa wameisoma, nami sikuwa nimeisoma kabla ya kupinda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 30, humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na baada ya hapo siku nyingine 7 kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12. Masharti yake ni mawili: amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, na alete cheti kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu. Tena angalia lugha yake. Sheria haikudai cheti cha kuwa na homa wala cha kuwa na vidonda. Imedai cheti cha kutoweza kufanya kazi. Waliotunga sheria hiyo kwa Kiingereza kule Nairobi walifika, bila shaka kwa njia ya mbali, palepale alipokuwa yule mama wa Kidigo na madafu yake. Wajerumani nao, ambao ndio waliotangulia kuweka bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, karatasi anayoitoa daktari wao huitwa kwa neno refu la kutisha ambalo maana yake ni hiyo hiyo: uthibitisho wa kutoweza kazi. Ikiwa daktari ameshaandika kwamba hawezi kazi, anayemtumia kazi anasema nini juu ya daktari?

Kifungu cha 34 cha sheria hiyo hiyo hakinukuliwi sana, nami ningependa kibandikwe katika kila ofisi ya walimu. Kinamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi wake anapata dawa zifaazo wakati wa ugonjwa, na ikiwezekana apate tabibu maradhi yakiwa mazito. Maana yake ni kwamba kitu ambacho sheria inakitazamia kitoke kazini kiende kwa mgonjwa ni dawa.

Siku 7 ni chache. Ng'ambo ya Lunga Lunga, Watanzania wana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2006, mwezi wa kwanza wa ugonjwa hulipwa kamili. Walimu wetu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu wana kanuni zao zilizo na nafuu kuliko siku 7, lakini mwalimu anayelipwa na bodi ya shule, au mhadhiri wa muda anayelipwa kwa saa, mara nyingi hana zaidi ya hizo, ikiwa hata hizo anazipata. Sasa fanya hesabu pamoja nami. Mwalimu wa bodi amepewa siku 7. Katika hizo ametumia siku 3 akiandaa maswali na kuingiza alama. Katika faili lake imeandikwa kuwa amekwisha kula siku zake zote 7. Ukweli ni kwamba amekula 4. Tatu amezila mwajiri. Akiugua tena Novemba atakatwa nusu ya mshahara kwa sababu ya siku alizofanya kazi.

Neno "kibarua" linanijia hapa, na sina budi kulitaja. Ni udogo wa "barua": kile kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili kionyeshe kuwa amefanya, mpaka jina la karatasi likamhamia mwenyewe. Zama za ukoloni, wafanyakazi wengi wa mashamba ya walowezi walipewa kadi ya siku 30. Siku uliyolima ilitiwa alama. Siku uliyolala na homa ilipita bila alama, na mshahara ulingoja kadi ijae. Huo ulikuwa ni udhalimu, na babu zetu waliuita kwa jina lake. Walakini nyapara hakumpelekea mtu jembe kitandani. Aliyelala alikuwa amelala, hata kama halipwi. Sisi tumepata likizo yenye malipo, tukapoteza kule kulala.

Najua watakaonijibu, na baadhi yao ni rafiki zangu. Walimu wakuu watasema: shule ina walimu 9 kwa madarasa yote, hakuna wa akiba, tovuti inafungwa saa sita usiku, na atakayeulizwa na ofisi ya elimu ni mimi, si mgonjwa. Hilo ni kweli tupu. Mkuu wa shule hapati usingizi, na ujumbe wa "ugua pole, ila" mara nyingi huandikwa na mtu ambaye naye ametumiwa wake kutoka juu. Simlaumu kama mtu. Ninachosema ni kwamba upungufu wa walimu ni deni la aliyepaswa kuwaajiri, na deni hilo haliwezi kuhamishiwa kwa mtu mmoja katika juma ambalo ana homa. Zamani mwalimu akiugua mwenzake alimshikia darasa. Darasa lilishikwa vibaya pengine, watoto wakafanya zoezi moja siku tatu, lakini lilishikwa. Siku hizi hatumshikii, kwa kuwa anapatikana.

Mwingine, huyu ni sheikh mmoja ninayemheshimu, aliniambia: mbona hata sala haimwondokei mgonjwa? Asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali amelala. Ni hoja nzuri, na ilinikalia kichwani juma zima. Lakini ukiitazama vema inasaidia upande wangu. Kwanza, ibada imepunguzwa ikamfuata mgonjwa mpaka alipo, haikumtaka aifuate. Pili, anayepima ni mgonjwa mwenyewe, kwa imani yake. Hapana imamu anayempelekea ujumbe kwamba kwa vile amelala tu, basi asimamie rakaa mbili. Tatu, saumu, iliyo nzito zaidi mwilini, ameruhusiwa kuifungua moja kwa moja na kuilipa siku nyingine akiwa hajambo. Siku nyingine! Huo ndio msamiati ninaoutaka katika ofisi zetu.

Wala sisemi mgonjwa akatazwe. Mwenzangu mmoja alivunjika mguu akakaa nyumbani wiki 6, na alituomba tumletee karatasi kwa kuwa alikuwa akichoka kutazama dari. Tulimletea, akashukuru. Yeye ndiye aliyesema "naweza". Tofauti ya "naweza" inayotoka kinywani mwa mgonjwa na "utaweza?" inayotoka kinywani mwa mkubwa wake ni tofauti ya nafsi na wakati tu kisarufi. Katika maisha ni tofauti ya hiari na shuruti, hasa pale aulizwaye anapokuwa ni mtu wa mkataba ambaye unakwisha Desemba.

Huko Ufaransa mkataba wa kazi husimama kwa muda mtu akiwa katika likizo ya ugonjwa. Mwajiri akimpa kazi amevunja sheria. Wao pia, tangu Januari 2017, wana sheria inayozitaka kampuni kubwa kukubaliana na wafanyakazi wao juu ya haki ya kutopatikana kwa simu na barua za mtandao baada ya saa za kazi. Kwetu, Seneta Samson Cherargei wa Nandi aliwasilisha mswada wa namna hiyo mwaka 2022, na Shirikisho la Waajiri likaupinga. Nilifuatilia mjadala ule magazetini. Ulikuwa juu ya jioni na mwisho wa juma. Mgonjwa hakutajwa sana, nadhani kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba mgonjwa tayari ameachwa apumzike.

Nami sina mikono safi. Mwaka 2021 nilipewa jukumu la kusimamia mitihani ya idara, na kabla ya miezi 3 kupita nilimwandikia mwalimu mwenzangu aliyekuwa amelazwa: pole sana, na ukipata nafuu kidogo, nitumie maswali. Kidogo! Niliyekuwa nimelichambua neno "tu" la mwingine nikatumia "kidogo" langu bila hata kusita. Aliyatuma maswali kesho yake, saa tisa usiku. Saa hiyo niliiona baadaye kwenye simu, nikakumbuka kwamba wodini taa hazizimwi.

Muhula uliopita jambo lilijirudia. Mhadhiri mmoja wetu aliugua juma la kusahihisha, daktari akamwandikia siku 14, na karatasi zake 87 zilikuwa bado kabatini. Nilianza kumwandikia. Nilifika kwenye "ila" nikafuta. Tuligawana zile karatasi watu watatu, hakuna kati yetu aliyefurahi, na alama zilichelewa siku 6. Nikaletewa barua inayonitaka nieleze kwa maandishi ni kwa nini mwenye somo hakusahihisha mwenyewe ilhali alikuwa nyumbani. Nilijibu siku ile ile kwa neno moja, nikalitia nukta na sahihi. Juzi karani, kijana mpole ambaye niliwahi kumfundisha, alikuja na barua yangu mkononi. Alisema imerudishwa kwa kuwa jibu halijakamilika.

"Hawezi nini, Daktari?" akaniuliza. "Wanataka tujaze hapa."